Dunia Huzunguka, Serikali Hupinduliwa: Neno Moja la Kiingereza Lenye Maana Mbili

Barua tatu za safu hii ya lugha zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na waandishi wake, bila kujuana, wameuliza juu ya neno moja la Kiingereza, yaani revolution. Nimeona ni vema kuzijibu kwa pamoja, nikianza na ya kijana, kwa kuwa swali lake ndilo linalogusa mzizi wa neno lenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Katika somo la Jiografia tumefundishwa kwamba revolution ni mwendo wa dunia kulizunguka jua, unaochukua siku 365 na robo. Wiki hiyohiyo mwalimu wa Historia alituandikia ubaoni neno hilohilo alipozungumzia Mapinduzi ya Viwanda kule Uingereza, kisha akataja na Mapinduzi ya Zanzibar. Mwenzangu anasema hayo ni maneno mawili yaliyofanana tahajia kwa bahati tu. Je, ni neno moja au mawili? Na kama ni moja, dunia inayozunguka kwa utaratibu ule ule kila mwaka inahusianaje na serikali kuangushwa?*

Marahaba, mwanangu. Ni neno moja. Mwenzako amekosea, lakini kosa lake lina sababu ya haki, kwa maana ukiziweka maana hizo mbili kando kando zinaonekana kupingana kabisa: moja inasema kitu kinarudi pale pale kilipoanzia, na nyingine inasema mambo hayatarudi tena kama yalivyokuwa. Jibu la swali lako limo katika kueleza jinsi neno lililohusu kurudi lilivyogeuka kuwa neno la kutorudi.

Tuanze na Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi volvere, yaani kuviringisha, na walipokitanguliza kiambishi re-, chenye maana ya nyuma au tena, walipata revolvere, yaani kuviringisha kitu kirudi kilikotoka. Kitenzi hiki utakikuta mahali ambapo huenda umepasoma mara nyingi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 28, mstari wa 2, Biblia ya Kiswahili inasimulia kwamba malaika wa Bwana alishuka kutoka mbinguni, akaja, akalivingirisha lile jiwe. Katika Biblia ya Kilatini, ambayo Injili zake zilisawazishwa na Jerome mwishoni mwa karne ya 4, tendo hilo la malaika limeandikwa revolvit. Jiwe lilikuwa limeviringishwa likaziba mlango wa kaburi, na sasa linaviringishwa kurudi lilikotoka. Hapo hamna mfalme aliyeangushwa wala jeshi lililoasi.

Kutokana na kitenzi hicho ikapatikana nomino revolutio, ikapita katika Kifaransa cha kale, na mwishoni mwa karne ya 14 ikaingia katika Kiingereza. Maana yake ya kwanza huko ilikuwa ya elimu ya nyota: mwendo wa jua, mwezi na sayari, ambavyo huondoka mahali pake angani na kurejea baada ya muda unaojulikana. Mwaka 1543, Nicolaus Copernicus alipochapisha mjini Nuremberg kitabu chake cha Kilatini kilichodai kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, alitumia neno hilo katika jina la kitabu, akimaanisha mizunguko ya vitu vya mbinguni. Kwa hiyo, ukitaka kujua ni mwalimu gani kati ya wawili hao mwenye maana ya kale zaidi, ni wa Jiografia.

Usilichanganye neno hili na rotation, ambalo limetokana na neno la Kilatini rota, yaani gurudumu, nalo hutumika kwa dunia kujizungusha kwenye mhimili wake kwa muda wa saa 24. Rotation ndiyo inayotupa usiku na mchana. Revolution, pamoja na ule mwinamo wa mhimili wa dunia, ndiyo inayotupa majira. Mwezi wa Juni, dunia inapokuwa upande ule wa njia yake ambapo jua huonekana kaskazini kwetu, ndipo baridi inapokaza Makete na Njombe, na asubuhi ya Kitulo nyasi huamka zimekuwa nyeupe kwa jalidi. Desemba jua limekwisha hamia kusini na mvua zimeshika. Mwaka ukitimia, Juni inarudi na baridi yake. Kurudi huko ndiko neno lilikokuwa likikusudia.

Sasa, limetokaje mbinguni likafika ikulu? Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba mambo ya wanadamu nayo huenda kwa duara, kwamba enzi huinuka na kushuka, na kwamba nyota zina mkono wake katika hayo. Ilikuwa rahisi, basi, kulichukua neno la nyota na kulitumia kwa mabadiliko ya bahati na ya utawala. Mfano ulio wazi kuliko yote naujua kutoka Uingereza ya karne ya 17. Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles I. Baadaye nchi ikatawaliwa na Oliver Cromwell, na alipofariki mwaka 1658 akafuata mwanawe Richard, ambaye hakudumu. Mwaka 1660 akarudishwa kwenye kiti Charles II, mwana wa mfalme aliyeuawa. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, aliyeishi wakati wa mambo hayo yote, aliandika kwamba katika revolution hiyo ameona mwendo wa duara wa mamlaka: yametoka kwa mfalme, yakapita kwa wanyakuzi wawili, baba na mwana, yakafika kwa mwana wa mfalme. Angalia vizuri anachokiita kwa jina hilo. Ni mzunguko mzima, tangu mfalme kuondolewa hadi ufalme kurudi, ambao sisi leo, tungekuwa tunasimulia habari hiyo, tungeugawa sehemu mbili na kusema mapinduzi yalifanyika kisha yakashindwa.

Hata mwaka 1688, Mfalme James II alipokimbilia Ufaransa na taji likaenda kwa binti yake Mary na mumewe William wa Orange, waliolisimamia jambo hilo walijitetea kwamba hawaanzishi kitu kipya bali wanarejesha haki za kale za Waingereza ambazo mfalme alizivunja. Hata hivyo watu walikuwa wakianza kuzoea kusikia neno hilo pale mtawala anapoondolewa, na polepole dhana ya kuondoa ikawa na uzito kuliko dhana ya kurejesha.

Ufaransa ndiyo iliyokata duara. Inasimuliwa kwamba, baada ya wananchi wa Paris kuiteka ngome ya Bastille tarehe 14 Julai 1789, Duki wa La Rochefoucauld-Liancourt, mmoja wa wakuu wa kasri lake, alimpelekea Mfalme Louis XVI habari hiyo. Mfalme akauliza kama huo ni uasi, naye akajibiwa kwamba sivyo, ni revolution. Katika Kifaransa maneno yote mawili ya mazungumzo hayo, la uasi na la mapinduzi, ni watoto wa kitenzi kile kile cha kuviringisha, lakini kuanzia hapo yaliachana. Uasi ukawa jambo ambalo mtawala anaweza kulizima, na revolution ikawa jambo lenye nguvu zake lenyewe, kama mwendo wa sayari, ambalo hakuna amri ya mfalme inayoweza kulisimamisha. Waliolifanya walikusudia kweli kwamba hakuna kurudi, hata wakabadili kalenda: mwaka 1793 walipitisha hesabu mpya ya miaka iliyoanzia tarehe 22 Septemba 1792, wakauita huo Mwaka wa Kwanza. Kalenda hiyo ilikomeshwa na Napoleon mwanzoni mwa mwaka 1806, na Wafaransa wakarejea katika ile ya zamani, lakini maana mpya ya neno haikurejea.

Mapinduzi ya Viwanda yalipewa jina kwa kufananishwa na hayo ya Ufaransa. Waandishi wa Kifaransa walilitumia jina hilo mapema katika karne ya 19, na katika Kiingereza lilienea zaidi baada ya mihadhara ya Arnold Toynbee wa Oxford kuchapishwa mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hapa nakuomba uongeze jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mashine ya mvuke ya mwanzo ilisukuma mti wake juu na chini tu, ikafaa kwa kuvuta maji migodini. Ili izungushe magurudumu ya viwandani, James Watt alisajili mwaka 1781 mfumo wa gia ambamo gurudumu moja lenye meno lilizunguka lingine, na mfumo huo ukaitwa jua na sayari. Hivyo, ndani ya kiwanda chenyewe, maana mbili unazoniuliza zilikuwa zikifanya kazi pamoja: chuma kikizunguka chuma kama dunia inavyolizunguka jua, na kwa kuzunguka huko maisha ya watu yakibadilika yasiwe tena yale ya zamani. Maana ya kwanza bado iko hai katika mitambo yote. Dereva wa lori anayepanda Mlima Kitonga akitazama ule mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, anachosoma ni revolution, ingawa hatalitamka neno hilo.

Kiswahili kimefanya tofauti. Kwa Jiografia tumechukua mzunguko, na kwa Historia tumechukua mapinduzi, kutoka kitenzi pindua, yaani kugeuza cha juu kikawa chini. Basi likipinduka, magurudumu hutazama juu. Plau inayokokotwa na ng'ombe ikipita shambani, nyasi zilizokuwa juu hulala chini na udongo uliofichika hutokea kuona jua. Hata jina la ugonjwa wa kipindupindu linatokana na shina hilohilo. Hakuna duara katika kupindua, wala ahadi ya kurudi. Ndiyo maana naona kwamba neno letu lilikuwa tayari kwa maana ya kisiasa kuliko hata la Kiingereza, kwa sababu tarehe 12 Januari 1964 halikuhitaji kwanza kusahau nyota ndipo lisimulie yaliyotokea Zanzibar. Katika mtihani, basi, andika revolution kwa masomo yote mawili bila wasiwasi, lakini ukitafsiri kwa Kiswahili usiseme kamwe kwamba dunia inafanya mapinduzi.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi huku Mufindi. Katika mkutano wa chama chetu cha ushirika mtaalamu alitueleza habari za Mapinduzi ya Kijani. Mzee mmoja akasimama akasema kwamba mapinduzi ni jambo la bunduki na damu, na hafahamu kwa nini jina hilo lipewe mbolea. Mtaalamu hakuwa na jibu. Je, mzee alikosea?*

Mpe huyo mzee salamu zangu za heshima, kwa kuwa aligusa jambo ambalo hata aliyebuni jina hilo alikuwa nalo kichwani. Jina lilitamkwa mwezi Machi 1968 na William Gaud, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, katika hotuba yake mjini Washington. Akieleza jinsi mavuno ya ngano na mpunga yalivyokuwa yakiongezeka barani Asia, alisema kwamba hayo si mapinduzi mekundu yenye umwagaji wa damu kama ya Urusi, wala si mapinduzi meupe kama ya Shah, yaani mfalme, wa Iran, bali yeye anayaita mapinduzi ya kijani. Jina, basi, lilichaguliwa ili lishindane na yale ya bunduki: wakulima wakishiba, hawatakuwa na sababu ya kuyatafuta hayo mengine. Lilikuwa ni jina la kisiasa kabla ya kuwa la kilimo. Kazi yenyewe ilikuwa imetangulia jina kwa miaka mingi, hasa ile ya Norman Borlaug, aliyezalisha aina fupi za ngano huko Meksiko na kutunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 1970.

Huku kwetu shabaha hiyo tumeishi nayo kwa majina mbalimbali. Mwaka 1972 Azimio la Siasa ni Kilimo lilipitishwa Iringa penyewe. Uyole, pale Mbeya, kimekuwapo kituo cha utafiti ambacho mbegu zake chotara za mahindi zinatambulika kwa herufi UH. Mwaka 2008 zikaja vocha za ruzuku, ambazo kwa eka moja zilimpa mkulima mfuko wa mbolea ya kupandia, mfuko wa kukuzia, na mbegu. Mwaka uliofuata likatangazwa Kilimo Kwanza.

Naomba niongeze la kwangu, kwa kuwa linahusu maana ya neno moja kwa moja. Mbegu chotara ukiitunza na kuipanda tena msimu wa pili, nguvu yake hupungua, mahindi hayalingani, na mavuno hushuka. Kwa hiyo mkulima aliyeingia katika mapinduzi haya hana budi kurudi katika duka la pembejeo kila msimu kabla ya mvua za Novemba, na bei ya mbolea aikute huko huko. Hapo maana ya kale ya revolution, ile ya kuzunguka na kurejea, ndiyo inayoyaeleza maisha yake kwa usahihi kuliko maana mpya. Simaanishi kwamba mbegu hizo hazifai, kwani anayelinganisha gunzi la chotara iliyotiwa mbolea na la mbegu ya kienyeji iliyochoka anaona tofauti kwa macho. Ninachosema ni kwamba mtaalamu anapolitumia neno mapinduzi mbele ya wakulima, ana wajibu wa kuwaeleza ni kipi kitapinduka moja kwa moja na ni kipi watakilipia upya kila mwaka, na chama cha ushirika ndicho mahali pa kumwuliza.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii mkoani Iringa. Tunapotafsiri habari za nje, wanajeshi wakimwondoa rais tunasema mapinduzi, na tukisoma historia ya Zanzibar tunasema pia mapinduzi. Wenzetu wa Kiingereza hutenganisha. Tufanyeje?*

Salama, ndugu yangu. Hili ndilo pengo ambalo Kiswahili kimelipata kwa sababu ya upana wa kitenzi chake. Pindua haiangalii nani amepindua wala nini kimefuata. Kiingereza, kwa upande wake, kimeazima kutoka Kifaransa jina la coup d'état, lenye maana ya pigo la dola, kwa ajili ya tukio la watu wachache, mara nyingi wenye sare, kukinyakua kiti kwa ghafla. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alipomwondoa Milton Obote nchini Uganda, hiyo ilikuwa coup. Jina revolution hungojewa mpaka mpangilio wenyewe wa jamii ubadilike: nani anamiliki ardhi, nani anatawaliwa na nani, sheria zinamlinda nani. Zanzibar inastahili jina hilo kwa kipimo hiki, kwa kuwa mambo hayakuishia katika kuondoka kwa sultani. Ardhi ilitaifishwa mwaka huohuo wa 1964, na wananchi wakagawiwa mashamba ya eka tatu tatu.

Tahadhari ni kwamba wanyakuzi wenyewe hulipenda neno kubwa. Muammar Gaddafi aliutwaa utawala wa Libya kwa jeshi tarehe 1 Septemba 1969, akaliita tendo hilo mapinduzi kwa maana ile ya jamii nzima, na jina hilo likawekwa katika sikukuu za taifa. Mtangazaji asichukue jina kutoka kwa aliyeshika bunduki siku ile ile aliyoishika. Ushauri wangu ni kwamba, habari ya wanajeshi kuondoa serikali isomwe daima kwa maneno mawili, mapinduzi ya kijeshi, hata kama inarudiwa mara kumi katika taarifa moja, na neno mapinduzi likae peke yake pale tu ambapo historia imekwisha kuonyesha kwamba nchi yenyewe ilibadilika. Jaribio lililozimwa liitwe jaribio la mapinduzi ya kijeshi. Na pale mfumo unapobadilishwa kwa sheria, kama ilivyokuwa nchi yetu iliporejesha vyama vingi mwaka 1992, neno ni mageuzi, na hapo wala msiguse pindua.